Je, Wajua? Jiwe Lililo Chini ya Butembo na Beni

Mtu wa Butembo akichimba msingi wa nyumba hukutana na udongo mwekundu unaoshuka mita nyingi bila kugonga jiwe. Mtu wa Goma hugonga lava kabla jembe halijazama vizuri. Miji yote miwili iko Kivu Kaskazini na yote hupata mvua nyingi. Kinachoitenganisha ni mwamba. Jiwe lililo chini ndilo linaloamua udongo utakuwa wa rangi gani, maji yatapita juu au chini, na shamba litavumilia misimu mingapi. Soma haya, kisha utazame upya kilima unachokikanyaga kila siku.

MIAMBA YENYEWE

Je, wajua kwamba vilima vya Butembo havikuzaliwa na volkano? Mji huu uko kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, juu ya gneisi, shisti, kwatsaiti na graniti. Haya ni mawe yaliyoundwa kwa joto na mgandamizo ndani sana ya dunia. Mengi yana umri unaozidi miaka bilioni 1. Volkano za Virunga ziko kusini, upande wa Rutshuru na Goma, na lava yake haikufika huku.

Je, wajua kwamba hata Ruwenzori si volkano? Kilimanjaro ni volkano, na Mlima Kenya pia. Lakini Ruwenzori, ambao watu wa Beni huuona mawingu yakifunguka, ni pande la mwamba wa kale lililosukumwa juu kati ya nyufa za ardhi. Kilele chake cha Margherita kina mita 5,109, na wa kwanza kuandikwa kuwa wamekifikia ni msafara wa Mwitaliano wa ukoo wa kifalme, Luigi Amedeo, mwezi Juni 1906. Gneisi iliyo karibu na barafu kule juu ni ndugu wa ile iliyo chini ya mashamba ya Lubero.

Je, wajua kwamba kazi ya kuusukuma mlima huo haijaisha? Tarehe 20 Machi 1966 ardhi ilitetemeka kwa nguvu kati ya Beni na Toro ya Uganda. Watu zaidi ya 100 walipoteza maisha. Kila ufa unaposogea, mwamba mbichi huja karibu na hewa na mvua, na maji hupata mteremko mpya wa kukata. Bonde la ufa lililo kando ya mlima huo, ambalo wanajiolojia huliita graben, ndilo lililokipa jina Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Graben kilichoko Butembo.

Je, wajua kwamba nyumba zetu zinafuata jiwe? Butembo hujenga kwa matofali ya kuchoma, maana udongo wa mfinyanzi upo kila upande. Goma huzungushia viwanja kuta za mawe meusi ya lava, maana ndiyo yaliyopo. Fundi wa kila mji amejifunza kazi kwa kile ambacho ardhi yake imempa.

JIWE LINAVYOOZA

Je, wajua kwamba mvua ni asidi hafifu? Tone la mvua linaposhuka hubeba gesi ya kaboni kutoka hewani na kuwa asidi dhaifu sana. Likiingia kwenye udongo wa msitu hukuta mizizi na vijidudu vinavyopumua, na humo gesi hiyo inaweza kuwa mara kumi hadi mara mia ya ile iliyoko hewani. Hapo ndipo asidi inapopata nguvu ya kulitafuna jiwe. Ongeza joto la karibu na Ikweta, inayopita kusini kidogo ya Butembo, na kazi hiyo haisimami mwaka mzima.

Je, wajua kwamba madini ya jiwe moja hayafi siku moja? Mwaka 1938 mtaalamu wa miamba wa Marekani, Samuel Goldich, alipanga madini kulingana na yanavyowahi kuoza. Madini meusi ya lava, yaliyojaa magnesi na chuma, huoza mapema. Feldispa, madini mengine ya graniti na gneisi, hufuata. Kwatsi, ile inayong'aa kama kioo ndani ya graniti, hubaki mwisho kabisa. Ndiyo sababu lava ya Virunga hulainika upesi na kulisha mimea mapema, na kwatsaiti ya vilima vyetu hubaki imesimama kama ukingo mkali wenye udongo mchache.

Je, wajua kwamba mchanga mweupe wa kujengea ni masalia ya graniti na gneisi? Feldispa ikishaoza na kuwa mfinyanzi, kwatsi huachwa peke yake, na mvua huibeba hadi kijitoni. Lava ya Nyiragongo haina kwatsi hata chembe, kwa hiyo mchanga wake ni mweusi.

Je, wajua pemba inayouzwa sokoni ilikuwa nini? Ilikuwa jiwe. Feldispa iliyooshwa na maji kwa miaka mingi sana hupoteza potasiamu, sodiamu na kalisi yake, na kubaki kaolini, mfinyanzi mweupe. Akina mama wajawazito wengi huutafuna. Wapo wanaodhani unaongeza nguvu, lakini kaolini ni udongo ambao maji yamekwisha kuunyang'anya karibu kila chakula, na wakati mwingine hubeba risasi, metali iliyo sumu kwa mtoto aliye tumboni.

Je, wajua kwa nini udongo wa kando ya barabara ya Butembo hadi Beni ni mwekundu? Ni chuma. Madini yenye chuma yakioza, chuma hukutana na hewa na kushika kutu, na kutu hiyo hupaka kila chembe ya mfinyanzi. Pale ambapo maji hukaa muda mrefu, kama bondeni, chuma hukosa hewa, huyeyuka na kuondoka, na udongo hugeuka kijivu. Kwa hiyo rangi peke yake inaweza kukuambia wapi maji husimama. Ukiona udongo wa kijivu kwenye kiwanja unachotaka kununua, usijenge hapo.

Je, wajua kwamba unaweza kuona jiwe lililooza bila kuchimba? Simama mahali ambapo barabara imekata kilima. Juu utaona udongo mweusi wa majani yaliyooza, mara nyingi usiozidi shubiri moja au mbili. Chini yake ni udongo mwekundu. Chini zaidi utaona mistari ile ile ya gneisi, myeusi na myeupe, imepangika vizuri, lakini ukiigusa inapukutika mkononi. Hilo ni jiwe lililokufa likiwa limesimama. Katika misitu ya joto tabaka hilo linaweza kushuka makumi ya mita.

Je, wajua kwamba kisiwa cha Puerto Rico kina mfano wa namna hii hii? Katika msitu wa Luquillo mvua ni moja na milima ni ile ile, lakini miamba ni miwili. Upande mmoja ni jamaa wa graniti, na vijito vyake, kama Río Icacos, vina sakafu ya mchanga. Upande wa pili ni mwamba uliotokana na majivu na vipande vya volkano. Huko udongo ni mfinyanzi na vijito vimejaa mawe makubwa. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Marekani wamekuwa wakipima maji ya pande zote mbili, na Icacos imekuwa maarufu kwa kuonyesha jinsi jamaa huyo wa graniti anavyoweza kuoza haraka mno pale mvua inapozidi.

UDONGO

Je, wajua kwamba msitu mnene si ushahidi wa udongo wenye rutuba? Katika miaka ya 1890 Wajerumani walikata msitu wa Usambara Mashariki, Tanzania, wapande kahawa. Waliona miti mirefu wakaamini ardhi ni tajiri. Lakini chini kulikuwa na gneisi ya kale iliyooza, na udongo wake ulikuwa wenye asidi na uliokwisha kuoshwa. Mashamba yale yalishindwa. Kwenye majivu ya volkano ya Kilimanjaro kahawa ilistawi na inastawi hadi leo. Somo hilo linamhusu moja kwa moja anayefyeka msitu wa Beni apande kakao: utajiri alioukata ulikuwa kwenye miti yenyewe na kwenye shubiri ya juu ya udongo.

Je, wajua kwamba msitu hujilisha kwa kula mabaki yake? Jani likianguka, uyoga, mchwa na mizizi myembamba hulinyang'anya chakula kabla mvua haijakipeleka chini. Ndiyo maana shamba jipya hutoa vizuri msimu wa kwanza na wa pili, kisha hulegea. Majivu ya miti iliyochomwa yalileta potasiamu na kalisi. Mvua imeviosha, na gneisi iliyo makumi ya mita chini haiwezi kuvirudisha kwa wakati.

Je, wajua kwamba chuma kile kile kinachopaka udongo rangi kinaficha chakula cha mimea? Fosforasi hung'ang'aniwa na kutu ya chuma na alumini. Inaweza kuwa imejaa udongoni na mahindi yakaikosa. Mbolea ya fosforasi iliyomwagwa ovyo juu ya udongo mwekundu nayo hukamatwa. Iweke karibu na mbegu, uichanganye na samadi au mboji, kwa kuwa vitu vilivyooza hushindania nafasi hizo na kuacha fosforasi ifike kwenye mzizi.

Je, wajua kwamba misitu ya Kahuzi-Biega, Kibale na Nyungwe imelinganishwa jiwe kwa jiwe? Watafiti wa Ulaya pamoja na wenzao wa eneo hili, wakiwemo wa Bukavu, walichagua misitu hiyo mitatu kwa sababu ya miamba. Kahuzi-Biega iko juu ya lava nyeusi, Kibale ya Uganda juu ya gneisi na jamaa zake, Nyungwe ya Rwanda juu ya miamba ya mashapo. Takwimu zao zilitoka 2021. Katika misitu hiyo, aina ya mwamba ilieleza kiasi cha kaboni inayohifadhiwa udongoni vizuri kuliko mahali pa kilima, kama ni juu au bondeni. Upande wa Nyungwe walikuta hata kaboni ya kale sana, iliyotoka ndani ya jiwe lenyewe. Kwa hiyo anayetaka kuhesabu kaboni ya misitu ya Kongo kwa kutazama miti peke yake atakosea hesabu.

Je, wajua kwamba kichuguu ni bohari? Mchwa huchimba chini ambako jiwe halijaoza vizuri, hupandisha mfinyanzi na kuujenga. Udongo wa kichuguu mara nyingi una kalisi zaidi kuliko shamba linalouzunguka. Wazee waliosema usibomoe kichuguu ovyo, bali usambaze udongo wake kidogo kidogo shambani, walijua walichosema.

Je, wajua kwa nini mifupa ya watu wa kale ni adimu msituni? Udongo wenye asidi huila. Lakini jiwe la chokaa huituliza asidi hiyo. Katika pango la Matupi, Mlima Hoyo, kaskazini ya Beni, wanaakiolojia wa miaka ya 1970 walipata mifupa ya wanyama na zana ndogo za mawe, za chini kabisa zikifikia umri wa miaka 40,000 hivi. Na huko Ishango, pale Semliki inapotoka Ziwa Edward, Jean de Heinzelin alichimbua 1950 mfupa wenye alama zilizokatwa kwa mpangilio. Una umri wa miaka 20,000 hivi, na kwenye ncha yake kumepachikwa kipande cha kwatsi. Uko Brussels leo. Bila majivu ya volkano na mashapo yaliyoufunika, tusingeuona kamwe.

VIJITO NA MITO

Je, wajua kwamba Goma haina kijito na Butembo ina vijito kila bonde? Lava mpya imejaa matundu na nyufa. Mvua ikinyesha hupotea chini hadi ziwani, na ndiyo sababu mama wa Goma huteka maji ya Ziwa Kivu. Kule Butembo mfinyanzi huzuia maji yasizame haraka, na mto kama Kimemi hupita katikati ya mji. Ni baraka yenye masharti: kila taka inayotupwa mtoni huonwa na mtaa unaofuata.

Je, wajua chemchemi ya kilimani inatoka wapi? Inatoka kwenye jiwe lililooza. Tabaka lile laini hunyonya mvua na kuiachia polepole. Maji yakifika kwenye jiwe gumu hayana pa kwenda, hujitokeza ubavuni mwa kilima, hata wakati wa kiangazi. Kwa hiyo chemchemi ya bondeni hulindwa juu kilimani. Choo kikichimbwa juu yake, au kilele kikivuliwa miti yote, anayeteka chini ndiye atakayeumia.

Je, wajua kwamba kuna maji yanayopita ndani ya mlima? Mlima Hoyo ni wa chokaa, na chokaa huyeyuka kwenye asidi ya mvua. Maji yamechimba humo mapango mengi. Maji ya chokaa huwa mazito: sabuni haitoi povu upesi, na sufuria hubaki na ukoko mweupe. Maji ya graniti na kwatsaiti ni mepesi, maana yamebeba chumvi kidogo.

Je, wajua kwamba milima yetu hugawa mvua kati ya bahari mbili? Tone linaloshuka mashariki huingia Semliki, likafika Ziwa Albert, likashika Nile hadi Mediterania. Linaloshuka magharibi huingia mito kama Lindi, kisha mto Kongo, hadi Atlantiki. Semliki yenyewe hushuka karibu mita 300 kati ya Ziwa Edward na Ziwa Albert, na sehemu kubwa ya mteremko huo huumaliza kwa maporomoko katikati ya safari.

Je, wajua kwamba volkano ziliwahi kugeuza mto mzima? Zamani maji ya bonde la Kivu yalielekea kaskazini, upande wa Ziwa Edward. Volkano za Virunga zikainuka na kuziba njia. Maji yalipanda hadi yakapata mlango wa kusini, Ruzizi, na leo Ziwa Kivu linamwagia Tanganyika.

Je, wajua kwa nini dhahabu hutafutwa mtoni? Huko Manguredjipa, magharibi ya Butembo, kama kule Kilo ya Ituri iliyopata umaarufu tangu 1903, dhahabu ilikaa kwenye mishipa ya kwatsi. Jiwe lilioza, dhahabu haikuoza. Ina uzito mara 19 ya maji, hivyo huzama kwenye changarawe za chini. Lakini kuchimbua kingo huujaza mto matope, na zebaki inayotumiwa kuikamata hubaki kwa samaki na kwa anayemla.

Je, wajua kwamba Ruwenzori ukikasirika hurusha mawe? Tarehe 1 Mei 2013 mto Nyamwamba ulishuka Kilembe, upande wa Uganda, ukiwa na mawe makubwa yaliyobomoa nyumba na madaraja. Gneisi ngumu juu ya mteremko mkali haigeuki udongo kwa wakati. Huvunjika mapande, yakasubiri mvua kubwa. Mito ya upande wa Mutwanga nayo hushuka mlima huo huo.

Je, wajua kwamba Kongo ina mmoja wa mito mikubwa iliyo myeusi zaidi duniani? Karibu na Mbandaka, mto Ruki una rangi ya chai ya rangi iliyokolea. Nchi yake ni tambarare na yenye vinamasi, mashapo ya madini ni haba, na maji hukaa yakitoa rangi kwenye majani yaliyooza. Vijito vya Butembo baada ya mvua ni vyekundu kwa sababu iliyo kinyume: mteremko ni mkali na udongo unaondoka.

Je, wajua kwamba jiwe huonekana hata kwenye meno? Maji yaliyopita kwenye miamba fulani ya volkano hubeba floridi nyingi. Watoto wengi waliokulia karibu na Mlima Meru, Arusha, na maeneo kadhaa ya Virunga, wana meno ya kahawia.

Je, wajua kwamba okapi hula udongo? Hulamba na kutafuna mfinyanzi wenye chumvichumvi kwenye kingo za vijito, maana majani ya msitu ulio juu ya udongo uliooshwa hayampi madini ya kutosha. Mnyama huyu alijulikana kwa wanasayansi 1901, baada ya Harry Johnston kupata vipande vya ngozi yake huko Fort Mbeni, karibu na Semliki.

KAZI ILIYO MBELE YETU

Je, wajua kwa nini makorongo ya Butembo hukua haraka? Udongo wa juu umeshikwa na mizizi, lakini jiwe lililooza chini yake halina kitu cha kulishika. Maji ya mabati na ya barabara yakielekezwa mahali pamoja hukata ile shubiri ya juu, na yakishafika kwenye tabaka laini hakuna wa kuyazuia. Pale shisti inapolala kufuata mteremko, udongo huweza kuteleza wote kwa mara moja. Dawa inaanzia juu: kila nyumba ikusanye maji ya bati lake kwenye pipa au shimo, kila barabara iwe na mfereji uliojengwa kwa mawe, na kingo zipandwe mianzi au majani yenye mizizi mirefu.

Je, wajua kwamba jivu la jikoni ni dawa ya shamba lililo juu ya gneisi? Udongo uliooshwa hubaki na asidi, na asidi ikizidi, alumini hulegea na kuchoma mizizi ya maharage na mahindi. Jivu la kuni hupunguza asidi hiyo na kurudisha kalisi na potasiamu, vitu vile vile ambavyo mvua iliviiba kwenye feldispa. Litawanye kidogo kidogo, ulichanganye na udongo kabla ya kupanda, na usilimwage mahali pamoja.

Je, wajua ni muda gani hupita kabla jiwe halijawa udongo? Hata kwenye joto na mvua zetu, sentimita moja ya udongo kutoka kwenye mwamba huhesabiwa kwa mamia ya miaka au zaidi. Mvua moja ya saa chache inaweza kuiondoa kwenye shamba lililolimwa kutoka juu kwenda chini. Lima kwa kukingama mteremko, chimba makinga maji, acha mabua na majani ya migomba juu ya udongo, panda miti kileleni. Mjukuu wako hatapewa udongo mwingine. Atalima huu huu utakaomwachia.